Viwanja vya Baiskeli Vilivyomezwa na Paris

Tarehe 11 Mei 1893, kijana wa miaka 28 aitwaye Henri Desgrange aliingia katika uwanja wa Buffalo, nje kidogo ya lango la Paris upande wa Neuilly, akapanda baiskeli yake na kuizunguka njia ya mbio kwa saa nzima. Muda ulipokwisha alikuwa amekwenda kilomita 35.325. Namba hiyo ndiyo inayofungua orodha ya rekodi ya saa moja, mojawapo ya rekodi zinazoheshimiwa sana katika mbio za baiskeli; mwaka 2022 Mwitalia Filippo Ganna aliifikisha kilomita 56.792 katika uwanja wa Grenchen, Uswisi. Namba ya Desgrange imehifadhiwa hadi mita ya mwisho. Uwanja wenyewe ulivunjwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mahali pake pakatwaliwa na kiwanda cha ndege.

Yaliyoupata Buffalo yaliwapata karibu ndugu zake wote. Mwishoni mwa karne ya 19 Paris ilikuwa imezungukwa na viwanja vya mbio za baiskeli: Buffalo huko Neuilly, uwanja wa Seine huko Levallois-Perret, uwanja wa Mashariki huko Charenton, uwanja wa manispaa ndani ya msitu wa Vincennes, na Parc des Princes upande wa magharibi. Baadaye vikaja viwanja vyenye paa, karibu na Mnara wa Eiffel. Maelfu ya watu walivijaza, magazeti yalitoa kurasa nzima kwa matokeo, na washindi walijulikana mitaani kama wanavyojulikana leo wachezaji wa mpira. Kati ya hivyo vyote, ni uwanja wa Vincennes pekee ambao bado unaweza kuingia ukaiona njia ya zamani mahali ilipokuwa.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Viwanja hivi vina daftari, ila limetawanyika: kipande kipo gazetini, kipande kwenye ramani, kipande kwenye bango la msanii, kipande kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. Kuvikusanya vipande hivyo ni kazi inayowahusu wengi kuliko wapenzi wa baiskeli. Ndani ya viwanja hivyo karani, mwanamke, kijana mweusi kutoka Indianapolis na kijana mwingine kutoka Saint-Louis ya Senegal walisimama mbele ya umati wa Paris na kuonyesha uwezo wao. Uwanja unapofutika, ushindi wao hubaki hewani, bila ardhi ya kuusimamia.

Kabla ya duara

Mbio zenyewe zilianzia bustanini. Tarehe 31 Mei 1868 watu wa Paris walikusanyika katika bustani ya Saint-Cloud kuwatazama vijana wakishindana kwa velosipedi, chombo kizito chenye pedeli kwenye gurudumu la mbele, ambacho karakana ya Pierre Michaux ilikuwa imekifanya kiwe gumzo la mji. Mmoja wa washindi, katika mbio za mita 1,200, alikuwa James Moore, Mwingereza aliyekulia Paris. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba hizo ndizo mbio za kwanza za baiskeli duniani na Moore ndiye mshindi wa kwanza. Wachunguzi waliorudi kwenye magazeti ya siku zile walikuta kwamba siku hiyo zilifanyika mbio kadhaa, na za Moore hazikuwa za kwanza kuanza. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba 1869, Moore huyo huyo alishinda safari ndefu ya Paris hadi Rouen, zaidi ya kilomita 120.

Lakini bustani haina mlango wa kukusanyia viingilio, na barabara nayo ina tatizo lake: mtazamaji husimama saa mbili kumwona mpanda baiskeli kwa sekunde kumi. Mambo mawili ya ufundi yalifungua njia ya suluhisho. Katikati ya miaka ya 1880 ilikuja baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo. Mwendo ukapanda ghafla. Kona tambarare hazikuweza kuubeba mwendo ule, kwa hiyo wajenzi waliziinua upande wa nje ili baiskeli ilale pamoja na njia badala ya kuteleza. Duara lililofungwa, lenye kona zilizoinuliwa, ukuta wa kuzunguka na dirisha la tiketi, likawa chombo kipya cha burudani na cha biashara kwa pamoja. Mtazamaji aliketi mahali pamoja, na mbio zikampitia mara hamsini.

Ardhi ya pembezoni

Ukivipanga viwanja hivi kwenye ramani ya miaka ya 1890, jambo moja hujitokeza mara moja: karibu vyote viko ukingoni. Paris ya wakati huo ilikuwa bado imezingirwa na ukuta wa ngome uliojengwa katika miaka ya 1840. Nje ya ukuta huo kulikuwa na ukanda ambao jeshi lilikataza majengo ya kudumu, kisha vitongoji vyenye mashamba, karakana na viwanja vitupu. Ardhi ilikuwa rahisi, reli na tramu zilifika, na bidhaa za nje ya malango hazikutozwa kodi ya kuingizia mjini, hivyo hata kinywaji kiligharimu kidogo. Mfanyabiashara aliyetaka eneo la kutosha njia ya mbio na majukwaa hakuwa na sababu ya kulitafuta katikati ya mji.

Mahali pa Buffalo panaieleza hali hiyo vizuri. Wakati wa Maonyesho ya Dunia ya 1889, yale yaliyouleta Mnara wa Eiffel, Mmarekani William Cody, maarufu kwa jina la Buffalo Bill, alipiga kambi Neuilly pamoja na wapanda farasi wake na kuwaonyesha watu wa Paris maigizo ya nyika za Marekani. Kambi ilipoondoka, jina likabaki. Mwaka 1892 uwanja wa baiskeli ulijengwa hapo na kulirithi. Ardhi ile ilikuwa imezoea shughuli za kupita, na uwanja wa baiskeli nao, ingawa uliwekewa majukwaa na mbao za matangazo, ulikuwa mpangaji tu mwenye kusubiri siku ya kuondolewa.

Hapo ndipo penye chanzo cha kutoweka kwake. Mji ulipopanuka, ukingo ukawa katikati, na ardhi iliyokuwa rahisi ikawa ghali. Ngome ilivunjwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwenye ukanda wake zikaja nyumba za watu, kisha barabara kuu ya mzunguko. Kwa hiyo kila uwanja uliopotea unatueleza mji ulikuwa ukielekea wapi mwaka ule: kiwanda, nyumba, barabara.

Maisha ya Buffalo

Msimamizi wa michezo wa Buffalo alikuwa Tristan Bernard, mwanasheria kwa elimu na mwandishi wa tamthilia kwa moyo. Inasimuliwa kwamba ni yeye aliyeanzisha desturi ya kupiga kengele mzunguko wa mwisho unapoanza, kengele ambayo leo husikika katika viwanja vya riadha dunia nzima. Rafiki yake, mchoraji Henri de Toulouse-Lautrec, alikuwa akija naye mara kwa mara. Lautrec hakuweza kupanda baiskeli kwa sababu ya miguu yake iliyovunjika utotoni ikakoma kukua, lakini alikaa karibu na njia akiwachora wapandaji, makocha na masanduku ya dawa. Mwaka 1895 alimchora Bernard akiwa amesimama uwanjani, mikono mifukoni, jukwaa likiwa nyuma yake. Mwaka 1896 alitengeneza bango la tangazo la cheni ya Simpson, na mpandaji anayeonekana humo akiwafuata waweka kasi ni Constant Huret.

Huret anastahili kusimuliwa. Mwaka 1894 Buffalo ilianzisha mbio za saa 24 zilizoitwa Bol d'Or. Washindani walizunguka mchana na usiku, wakitanguliwa na waweka kasi waliowakatia upepo kwa baiskeli za viti viwili au zaidi. Huret alishinda zile za kwanza kwa kwenda kilomita 736.946, kisha akazishinda tena mara tatu kabla ya karne kuisha. Kuna watu wengi wanaolifahamu bango la Lautrec kutoka makumbusho na vitabu vya sanaa bila kufahamu kwamba mtu yule aliyeinama juu ya usukani aliishi, alikuwa na jina, na jina hilo lilijengwa uwanjani Buffalo.

Wanawake pia walishindana katika viwanja vya Paris miaka hiyo, huku baadhi ya madaktari wakiandika kwamba baiskeli itawadhuru na baadhi ya magazeti yakijadili nguo zao kuliko mwendo wao. Nyota mmoja alikuwa Lisette, ambaye jina lake halisi lilikuwa Amélie Le Gall. Mwingine alikuwa Mbelgiji Hélène Dutrieu, aliyeweka rekodi ya saa moja ya wanawake mwaka 1895, na aliyekuja baadaye kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza duniani kurusha ndege. Wasifu wa Dutrieu kwa kawaida huanza angani. Ukweli ni kwamba ujasiri wake ulionekana kwanza kwenye mbao na saruji, akiwa amekaa juu ya tandiko la baiskeli.

Kabla ya kuvunjwa, Buffalo ilishuhudia ushindani mmoja mkubwa zaidi. Mfaransa Marcel Berthet na Mswisi Oscar Egg walipokezana rekodi ya saa moja kati ya 1907 na 1914. Berthet alianza na kilomita 41.520, Egg alimaliza na kilomita 44.247, rekodi iliyosimama hadi 1933. Uwanja haukuishi kuiona ikivunjwa.

Gazeti na uwanja

Mtafiti wa viwanja hivi hugundua mapema kwamba magazeti ya michezo hayakuwa mashahidi wa pembeni. Yalikuwa sehemu ya biashara yenyewe. Gazeti la Le Vélo, lililochapishwa kwenye karatasi ya kijani kibichi na kuongozwa na Pierre Giffard, lilianza 1892, mwaka uleule wa Buffalo. Mwaka 1900, baada ya ugomvi mkali uliochochewa na kesi ya Dreyfus iliyoigawa Ufaransa, baadhi ya wenye viwanda walioliwekea matangazo waliliacha na kuanzisha gazeti pinzani, la karatasi ya manjano, ambalo punde lilikuja kuitwa L'Auto. Waliyemkabidhi uhariri ni Desgrange, yule wa kilomita 35.325, ambaye wakati huo alikuwa akiuendesha uwanja wa Parc des Princes.

Parc des Princes ulikuwa umefunguliwa tarehe 18 Julai 1897, ukiwa na njia ya saruji ya waridi yenye urefu wa mita 666. Mtu mmoja sasa alikuwa na uwanja wa kujaza na gazeti la kuuza. Mwaka 1903 gazeti lake lilianzisha Tour de France, na tarehe 19 Julai mwaka huo umati ulijaa Parc des Princes kumlaki Maurice Garin, mshindi wa kwanza. Mbio hizo kubwa za barabarani ziliendelea kumalizikia katika uwanja huo hadi 1967. Leo watu huziona mbio za uwanjani na za barabarani kama michezo miwili tofauti. Nyaraka zinaonyesha kwamba za barabarani zililelewa na watu wa viwanja, kwa fedha na wino wa viwanja.

Uhusiano huo unamtaka msomaji wa leo awe mwangalifu. Gazeti lililokuwa na masilahi uwanjani lilipenda kusema umati ulikuwa mkubwa. Tangazo la kabla ya mbio linaaminika kwa mambo fulani: bei za viingilio, saa ya kuanza, treni au tramu ya kupanda, majina ya walioahidi kuja. Ripoti ya baada ya mbio inaaminika kwa mengine: nani alikimbia kweli, nani alianguka, nyakati zilizopimwa. Zikisomwa pamoja, na gazeti pinzani likafunguliwa pembeni, ndipo siku moja ya uwanjani huanza kuonekana ilivyokuwa. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imeyaweka mengi ya magazeti hayo kwenye intaneti bure, pamoja na maelfu ya picha za shirika la Rol zilizopigwa tangu 1904, kwa hiyo kazi hii inaweza kufanywa na mtu aliyeko Arusha au Mombasa.

Major Taylor kwenye njia ya waridi

Mwaka 1901 Parc des Princes ulimpokea Marshall Taylor, aliyejulikana kama Major Taylor. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1878, mtoto wa familia nyeusi, na mwaka 1899 alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za maili moja huko Montreal. Nyumbani Marekani viwanja kadhaa vilimfungia milango kwa sababu ya rangi yake, na wapandaji weupe walishirikiana kumbana na kumwangusha. Alikuja Ulaya akiwa na sharti moja aliloandikisha kwenye mkataba: hakimbii siku ya Jumapili, kwa kuwa ni siku ya Bwana. Kwa wenye viwanja sharti hilo lilikuwa gumu, kwani Jumapili ndiyo siku ya mapato. Walilikubali. Walijua watu watamfuata hata siku ya kazi.

Mpinzani wake alikuwa Edmond Jacquelin, bingwa wa dunia wa 1900, aliyeutwaa ubingwa huo kwenye njia hiyohiyo ya waridi. Tarehe 16 Mei 1901, siku ya baridi iliyomkaza misuli Taylor, Jacquelin alishinda raundi zote mbili, na alipovuka mstari alimpigia mpinzani wake ishara ya dharau kwa vidole vilivyowekwa puani. Taylor hakujibu. Aliomba mbio za marudiano. Tarehe 27 Mei, jua likiwaka, alimshinda Jacquelin raundi zote mbili mbele ya umati uleule wa Paris.

Taylor alikufa Chicago mwaka 1932 akiwa maskini, akazikwa pasipo heshima aliyostahili, hadi wapandaji wenzake wa zamani walipomhamishia kaburi lenye jina lake mwaka 1948. Nchini mwake kumbukumbu yake ililala kwa miongo mingi. Ukurasa wa magazeti ya Paris wa Mei 1901 haukulala. Umeeleza hali ya hewa, mwendo, kelele za watu na matokeo, na mtu yeyote anayetaka kujua mtu mweusi alikuwa nani katika michezo ya dunia mwanzoni mwa karne ya 20 anaweza kuusoma leo. Kwa sababu hiyo nasema kumtafuta Taylor bila kuutafuta uwanja ni kufanya nusu ya kazi.

Njia hizohizo zilimlea Albert Champion, mtoto wa mtaa wa Batignolles aliyeshinda Paris–Roubaix mwaka 1899 na kung'ara katika mbio za nyuma ya pikipiki, mchezo uliowaua wapandaji kadhaa wa enzi hizo tairi zilipopasuka. Alihamia Marekani akageukia viwanda. Fundi wa gari wa Gerezani au Grogan anayefungua pakiti ya plagi zenye jina Champion anashika jina la mpanda baiskeli huyo.

Chini ya paa

Baridi ya Paris ilifunga viwanja vya wazi kwa miezi mingi, na wafanyabiashara wakatafuta paa. Walilipata katika Jumba la Mashine, jengo kubwa la chuma na kioo lenye urefu wa mita 420 lililoachwa na maonyesho ya 1889 karibu na Mnara wa Eiffel. Mwezi Februari 1893 Charles Terront na Jean-Marie Corre walishindana humo kwa umbali wa kilomita 1,000. Terront, ambaye miaka miwili kabla alishinda Paris–Brest–Paris kwa matairi mapya ya Michelin, alimaliza kwa karibu saa 42 bila kulala. Miaka kumi baadaye, tarehe 20 Desemba 1903, njia ya kudumu ya mita 333 ilizinduliwa ndani ya jumba hilo mbele ya watu 20,000.

Jumba la Mashine lilianza kuvunjwa 1909 ili kufungua mandhari ya Champ de Mars. Desgrange na wenzake wakahamia jirani, kwenye kona ya mtaa wa Nélaton na barabara ya Grenelle, wakajenga uwanja mpya wenye njia ya mita 250 na kona kali kama ukuta. Ulifunguliwa tarehe 13 Februari 1910, na watu wakauita Vel d'Hiv, yaani uwanja wa majira ya baridi. Mwezi Januari 1913 ulianzisha Siku Sita za Paris, mbio za timu za watu wawili wanaopokezana mchana na usiku. Mwaustralia Alf Goullet na Mmarekani Joe Fogler ndio walioshinda za kwanza. Matajiri walikula chakula cha jioni katikati ya duara, wafanyakazi wa viwandani walikaa juu kabisa na soseji zao.

Tarehe 16 na 17 Julai 1942, chini ya utawala wa Wajerumani, polisi wa Ufaransa waliwakamata Wayahudi 13,152 Paris na vitongojini. Zaidi ya 8,000 kati yao, wakiwemo watoto wapatao 4,000, walifungiwa Vel d'Hiv kwa siku kadhaa, katika joto, maji yakiwa haba na vyoo havitoshi. Kutoka hapo walipelekwa kambini, na wengi wao wakasafirishwa hadi Auschwitz kuuawa. Watoto hawakurudi.

Mtafiti anayefungua makasha ya picha hukutana na jambo zito. Za mbio za Vel d'Hiv zipo kwa wingi: wapandaji wakitabasamu, mabango ya matangazo, wanamuziki. Ya msako wa Julai 1942 inayojulikana ni picha moja tu, ya mabasi yaliyoegeshwa nje ya jengo. Wingi wa picha, kwa hiyo, haupimi uzito wa tukio. Hupima nani alitaka lionekane. Uwanja uliungua moto mwaka 1959 na kuvunjwa. Ilichukua hadi tarehe 16 Julai 1995 kwa Rais Jacques Chirac kukiri hadharani kwamba dola ya Ufaransa ilishiriki katika uhalifu ule. Siku hizi kuna mnara wa kumbukumbu kando ya mto Seine na bustani ya watoto hao mtaani Nélaton. Mahali palirudishiwa jina lake kwa juhudi za manusura na wanahistoria waliokataa ukimya, wala si kwa hisani ya wakati.

Jina likihama

Tatizo linalowapotosha wengi katika utafiti huu ni majina yanayohama. Mtu anayesoma kwamba Desgrange aliweka rekodi Buffalo na kwamba bondia Battling Siki alipigana Buffalo hudhani ni mahali pamoja. Hapana. Buffalo ya pili ilijengwa Montrouge, kusini mwa Paris, mwaka 1922, na ilichukua jina tu. Vivyo hivyo "uwanja wa baridi" wa 1903 na ule wa 1910 ni majengo mawili, na Parc des Princes ya saruji ya waridi, ile iliyojengwa upya 1932 na ile ya mpira ya 1972 ni viwanja vitatu juu ya ardhi moja. Tiba ni kufunga kila tukio kwa kamba tatu: tarehe, mtaa, na urefu wa njia ya mbio. Njia ya mita 666 haiwezi kuwa njia ya mita 333, hata jina likifanana.

Buffalo ya Montrouge nayo ina yake. Tarehe 24 Septemba 1922 Siki, mzaliwa wa Saint-Louis, Senegal, aliyepigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, alimwangusha bingwa Georges Carpentier katika raundi ya sita. Mwamuzi alijaribu kumnyima ushindi kwa kudai alimtega mguu. Umati ukapiga kelele hadi majaji wakampa haki yake, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi. Tarehe 14 Julai 1935 vyama vya mrengo wa kushoto vilikula kiapo cha umoja ndani ya uwanja huohuo dhidi ya ufashisti. Mwaka 1957 ulivunjwa, pakajengwa maghorofa yanayoitwa Résidence Buffalo. Picha za anga za zamani bado zinalionyesha duara lake katikati ya nyumba.

Uliobaki

Uwanja wa Vincennes umebaki kwa sababu mbili zinazoeleweka: ni mali ya mji, na uko ndani ya msitu ambao mji umeulinda usijengwe. Wenyeji wanauita Cipale. Njia yake ya mita 500 ilitumika katika Michezo ya Olimpiki ya 1900 na ya 1924. Mwaka 1900 ulichezewa pia raga, na katika timu ya Ufaransa iliyotwaa dhahabu alikuwemo Constantin Henriquez, mwenye asili ya Haiti, anayetajwa kuwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki. Parc des Princes ulipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kupisha barabara ya mzunguko na uwanja mpya, Tour de France ilihamia hapa kuanzia 1968 hadi 1974, na mara zote tano Eddy Merckx alizoshinda, alimalizia kwenye njia hii. Mwaka 1987 ulipewa jina la Jacques Anquetil.

Mwezi Aprili 1900, ndani ya Paris hiyo ya viwanja, kiliundwa chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI. Miaka 125 baadaye, Septemba 2025, chama hicho kilifanya mashindano yake ya dunia ya barabarani Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Milima ya Kigali sasa imeingia katika orodha iliyoanza na njia za Neuilly na Vincennes. Ni wajibu wa Waafrika Mashariki kuiandika siku ile kwa ukamilifu: kona kwa kona, mtaa kwa mtaa, majina ya waliokimbia wakashika nafasi za mwisho pamoja na ya washindi, kabla wengine hawajatuandikia muhtasari.

Na kazi haiishii kwenye baiskeli. Katika miji yetu viwanja vya wazi vinageuzwa maduka na maegesho, na pamoja navyo zinakwenda ligi za mtaa, ngoma, mikutano na mabingwa ambao magazeti hayakuwapa hata mstari. Paris inatufundisha kwamba uwanja unaweza kufa na historia yake ikapona, iwapo kuna aliyetunza tangazo, ripoti, ramani na picha, na akaandika nyuma ya picha mahali na tarehe. Historia ya michezo ni historia ya ardhi pia: nani aliimiliki, nani aliruhusiwa kuikanyaga, nani aliiuza. Anayeyauliza maswali hayo kuhusu kiwanja cha mtaani kwake wangali hai wazee wanaokikumbuka, ameanza utafiti, na hana sababu ya kusubiri ruhusa ya mtu.